Makangaga yanayouzwa kuwa ya juani: lipi linastahili chungu cha nje

Kibandiko cha kangaga dukani mara nyingi kina picha ya jua na maneno mawili: huvumilia jua. Hakisemi jua la wakati gani, wala hakisemi lolote kuhusu chungu, na hayo mawili ndiyo yanayoamua kila kitu. Kangaga lililopandwa ardhini linaweza kupigwa na jua siku nzima huku mizizi yake imetulia kwenye udongo wa baridi. Kangaga lilelile likiwa ndani ya chungu cheusi cha plastiki, juu ya sakafu ya saruji, mizizi yake inachemka ifikapo saa nane mchana. Makangaga hayana mzizi mkuu unaozama chini. Yana nyuzi nyembamba nyingi, na kwenye chungu nyuzi hizo hukimbilia ukutani, palepale panapopata moto kwanza. Udongo wa pembeni mwa chungu cheusi kilicho juani unaweza kupita nyuzijoto 40 za Selisiasi, na mizizi michanga haihimili joto hilo kwa muda mrefu. Mmea unanyauka huku udongo umelowa, mwenye nao anadhani una kiu, anaongeza maji, na maji ya moto yasiyo na hewa yanaozesha kilichobaki.

Kwa hiyo kila aina hapa imepimwa kwa maswali mawili: jani lake linastahimili jua gani, na mizizi yake inadai nini ili jani hilo lisiungue. Swali la pili ndilo zito.

Neno moja kuhusu lugha ya vibandiko. Wauzaji wa mimea wakisema "jua kamili" wanamaanisha masaa sita au zaidi ya jua la moja kwa moja kwa siku. "Nusu jua" ni masaa matatu hadi sita. Hesabu hiyo inadanganya, kwa sababu masaa manne ya jua la asubuhi hayalingani na masaa manne ya alasiri. Asubuhi hewa ina unyevu, chungu bado kina ubaridi wa usiku, na mmea umejaa maji. Alasiri vyote vitatu vimekwisha. Kangaga linalopata jua kuanzia macheo hadi saa tano asubuhi linaweza kupendeza mwaka mzima, na likihamishiwa upande wa machweo wa ukuta uleule likaungua ndani ya siku tatu.

Kimberly Queen (Nephrolepis obliterata)

Ukiwa na nafasi ya chungu kimoja tu, nunua hili. Asili yake ni Australia ya kitropiki na New Guinea, na linatofautiana na ndugu zake wa jamii ya Nephrolepis kwa jambo linaloonekana hata kwa mtu asiyejua mimea: majani yake yanasimama. Kila jani linapanda juu kama upanga, urefu wa sentimita 60 hadi 90, kisha linainama kidogo nchani. Msimamo huo si urembo mtupu. Jua la utosini linaligusa jani lililosimama kwa mshazari, halilipigi bapa kama linavyolipiga jani lililolala, kwa hiyo joto linalobaki kwenye jani ni dogo. Vipande vya jani ni vinene kidogo kuliko vya kangaga la Boston na havipukutiki ovyo kila upepo unapovuma.

Linastahimili masaa manne hadi sita ya jua mahali penye unyevu hewani, na masaa matatu hadi manne ya asubuhi mahali pakavu. Kwenye jua la siku nzima litaishi, lakini rangi itafifia kutoka kijani kibichi hadi kijani cha njano, na majani mapya yatakuwa mafupi. Rangi hiyo si ugonjwa, ingawa wengi huikimbilia kwa mbolea na kuongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Lipe chungu chenye kipenyo cha sentimita 30 hadi 35 na kina kisichopungua sentimita 28. Ukubwa huo hubeba lita 20 hivi za udongo, kiasi ambacho hakichemki upesi. Katika siku za joto kali kangaga lililojaza chungu cha namna hiyo hunywa lita 2 hadi 3 kwa siku, na udhaifu wake mkubwa ndio huo. Siku moja ya ukame kamili hulisamehe. Siku tatu mfululizo huacha ncha za kahawia ambazo hazirudi kuwa kijani mpaka jani zima libadilishwe na jipya. Halivumilii jalidi. Usiku ukikaribia nyuzijoto 5, chungu kiingie ndani. Alama 4.5 kati ya 5, na nusu iliyokatwa ni ya kiu yake.

Kangaga la Boston na ndugu wengine wa Nephrolepis

Kangaga la Boston ni umbo la Nephrolepis exaltata lililogunduliwa mwaka 1894 ndani ya shehena ya mimea iliyopelekwa Boston, na tangu hapo limekuwa kangaga la baraza na la kikapu cha kuning'inia. Ni zuri mno. Lakini anayekuuzia kama kangaga la juani hakutendei haki. Majani yake marefu yaliyoinama hupokea jua bapa, ni membamba, na likikosa maji kidogo hupukutisha vipande vidogo kila mahali. Jua la asubuhi hadi saa nne, kisha kivuli cha mwanga: hapo linafurahi. Zaidi ya hapo utakuwa unafagia zaidi ya unavyolitazama.

Macho, ambalo ni umbo la Nephrolepis biserrata, ni jitu. Majani yake yanapita mita moja kwa urahisi, na linahitaji chungu cha sentimita 45 au zaidi. Uvumilivu wake wa jua uko kati ya Boston na Kimberly Queen, ila upepo huvunja majani yake marefu. Linafaa pembe iliyokingwa, si ukingo wa ghorofa.

Nephrolepis cordifolia ndilo gumu kuliko yote katika ukoo huu. Mizizi yake hubeba viazi vidogo vya mviringo vilivyojaa maji, kwa hiyo linastahimili jua na kiu kwa kiwango ambacho Kimberly Queen hawezi. Sifa hiyohiyo ndiyo hatari yake. Hutambaa chini ya ardhi, na kila kiazi kinaweza kuota mmea mpya. Florida limeorodheshwa miongoni mwa mimea vamizi, na huko huchanganywa mara nyingi na Nephrolepis exaltata ambalo ni la asili. Viazi hivyo ndivyo njia rahisi ya kuyatofautisha, kwa kuwa exaltata halina. Kama mahali ulipo pana joto na mvua, likae kwenye chungu kisichogusa udongo, matundu yake yakaguliwe kila mwezi, na masalia ya kupogoa yafungwe kwenye mfuko badala ya kutupwa kichakani. Kwa ustahimilivu lingepata alama zote. Kwa usalama wa jirani yako, 3.

Yanayotaka miguu majini

Kuna makangaga ambayo jua kamili haliyatishi hata kidogo, mradi chungu kisikauke hata siku moja. La kwanza ni kangaga la kifalme, Osmunda regalis. Porini hukaa kandokando ya mito na kwenye vinamasi. Kwenye chungu hufika mita 1 hadi 1.5, na majani yenye spora, yaani chembe za uzazi, hutokeza juu kama vishada vya rangi ya kutu, kiasi kwamba wengi hudhani limechanua maua. Chukua chungu cha lita 30 au zaidi, kiweke kwenye sinia pana, na ujaze sinia maji ya kina cha sentimita 3 hadi 5. Mimea mingi ya vyungu ingeoza, hili linanawiri. Linataka udongo wenye asidi, pH 4.5 hadi 6, kwa hiyo maji magumu yenye chokaa yatalifanya liwe na majani ya njano yenye mishipa ya kijani. Maji ya mvua ndiyo dawa. Msimu wa baridi hukauka lote na kulala, jambo la kawaida kabisa, usilitupe. Na usinunue dogo sana: lina mwendo wa polepole, na mmea wa chungu cha sentimita 12 utakuweka ukingoja miaka kadhaa.

La pili halipatikani kirahisi kwa wauzaji, lakini ukilikuta lichukue kama una joto la mwaka mzima: Acrostichum aureum, kangaga la mikoko. Hukua kwenye kingo za mikoko, juani peupe, hata kwenye maji yenye chumvi kiasi. Majani ni mazito kama ngozi na hupita mita 2 porini. Ndani ya ndoo pana isiyo na tundu, yenye maji yanayokaribia uso wa udongo, ni kangaga pekee katika orodha hii linaloweza kukabidhiwa jua la utosini bila kuombewa. Halihitaji chumvi ili liishi. Maji ya kawaida yanalitosha. Baridi hulidhuru haraka.

Sinia na ndoo za aina hii ni mazalia ya mbu. Sinia limwagwe lote na kujazwa upya angalau mara moja kwa wiki. Ndoo isiyomwagika iwekewe chembechembe za Bti, bakteria wanaoua viluwiluwi vya mbu bila kudhuru mmea.

Ya majabali: jua bila maji mengi

Sasa kinyume chake. Myriopteris lindheimeri na Astrolepis sinuata ni makangaga ya miamba ya kusini magharibi mwa Marekani na Mexico. Jani la kwanza limefunikwa na sufu na magamba meupe. La pili ni refu na jembamba, na mgongo wake umejaa magamba ya rangi ya fedha inayogeuka hudhurungi. Yakikauka hujikunja na kuonekana yamekufa, kisha mvua ikinyesha hufunguka tena. Mkunjo huo hugeuza mgongo wenye magamba kuelekea jua, na magamba hurudisha mwanga.

Wanunuzi wengi huyaua kwa ukarimu. Yakipandwa kwenye mchanganyiko uleule wa Kimberly Queen, huoza kitovu, yaani pale katikati majani yanapochipukia, katika msimu mmoja. Yanataka sehemu 2 za pumisi (mawe mepesi ya volkano) au changarawe ya milimita 3 hadi 6, sehemu 1 ya maganda ya msonobari yaliyochekechwa, na sehemu 1 ya mboji ya majani. Chungu cha udongo wa kuchomwa kisichopakwa rangi ya kioo, kirefu kuliko upana wake, ndicho bora. Juu tandaza changarawe sentimita 2 ili kitovu kisiguse udongo uliolowa. Mwagilia pembeni asubuhi, kwa wingi, kisha ngoja hadi sentimita 5 za juu zikauke. Usiyanyunyizie maji majanini kila siku, maana sufu hushika maji na kuvu hufuata.

Hata haya yana sharti. Porini mizizi yake hujificha kwenye ufa wa mwamba, ambako ni baridi na kuna unyevu kidogo hata kiangazi. Kwa hiyo panga mawe mawili matatu ya ukubwa wa ngumi juu ya chungu, upande unaopigwa na jua la alasiri, na mizizi itatambaa chini yake. Hubaki madogo, sentimita 30 hadi 45, na hukua kwa subira. Kwa mtu anayesafiri mara kwa mara na hana wa kumwagilia, haya ndiyo sahihi, na alama zake ni 4.

Ya majani magumu na ya majani ya shaba

Cyrtomium falcatum, lenye majani mapana yanayong'aa kama yamepakwa nta, husifiwa kuwa la juani kwa sababu jani lake ni gumu. Ugumu huo kwa kweli ni kinga ya upepo na chumvi ya bahari, na kwa kazi hiyo halina mpinzani: baraza inayotazama bahari, ukumbi wa kupitia upepo. Jua la asubuhi sawa. Jua la mchana hulifanya liwe la njano, kisha mabaka ya kahawia hutokea katikati ya jani, wala si pembeni. Lipandwe kitovu kikiwa juu ya udongo kwa sentimita moja, kwani likizikwa huoza.

Dryopteris erythrosora, asili yake Asia ya mashariki, hutoa majani machanga ya rangi ya shaba na waridi ambayo baadaye hugeuka kijani. Rangi hiyo huiva vizuri zaidi likipata masaa mawili matatu ya jua la asubuhi, kwa hiyo kulificha kwenye kivuli kizito ni kulidhulumu. Hustahimili jalidi kali ardhini. Chunguni mizizi iko wazi zaidi kwa baridi, kwa hiyo msimu wa baridi kali kisogeze chungu karibu na ukuta na ukivike gunia. Katika nchi za joto lisilo na msimu wa baridi, huchoka na kufifia. Huko usilinunue.

Kinachouzwa kama kangaga bila kuwa kangaga

Asparagus densiflorus, hasa maumbo ya Sprengeri na Myersii, hupangwa kwenye rafu ya makangaga na huuzwa kwa jina hilo. Si kangaga, lina maua meupe madogo na matunda mekundu, na makangaga hayatoi ua wala mbegu. Kwa jua lenyewe ni mmea mzuri kuliko mengi yaliyotajwa hapo juu, kwa sababu mizizi yake ina viazi vya kuhifadhi maji. Lakini una miiba midogo mashinani, matunda yake yanaweza kuwadhuru paka na mbwa wakiyala, na ndege huyasambaza. Nunua ukijua unanunua nini.

Chungu kina uzito kuliko aina

Ukilinganisha Kimberly Queen mawili, moja kwenye chungu cheupe kinene na jingine kwenye chungu cheusi chembamba, tofauti itakayoonekana baada ya miezi miwili ni kubwa kuliko tofauti kati ya aina mbili za makangaga. Chuma na bati ndivyo vibaya kuliko vyote. Plastiki nyeusi inafuata. Mifuko ya kitambaa ina ubaridi lakini hukauka haraka mno kwa mmea wenye kiu. Chungu cha udongo wa kuchomwa hupumua na kupoa kwa maji yanayovukizwa ukutani, kwa gharama ya kumwagilia mara nyingi zaidi. Chungu kilichopakwa rangi ya kioo, cha rangi nyeupe au ya mchanga, chenye kuta nene, ndicho chaguo la kwanza kwa Nephrolepis.

Kama tayari una vyungu vyeusi, usivitupe. Chukua chungu cha nje kikubwa zaidi kwa sentimita 8 hadi 10 kwa kipenyo, kiwe na tundu, weka cheusi ndani, kisha jaza pengo la pembeni kwa usumba mkavu. Mizizi haitauona tena ukuta wa moto. Inua chungu kutoka sakafuni kwa vigingi vya sentimita 2 au 3. Saruji huhifadhi joto hadi usiku.

Vyungu vyenye hifadhi ya maji chini hupokelewa kama suluhisho la kila kitu. Kwa Kimberly Queen na Macho vinafaa kweli: hifadhi ya lita 4 hadi 6 hukupa siku mbili za utulivu katika joto. Kasoro yake ni kwamba maji hupanda tu na hayashuki, kwa hiyo chumvi ya mbolea hujikusanya sentimita chache za juu, palepale penye mizizi mingi. Mara moja kwa mwezi fungua kizibo cha chini na umwagilie kutoka juu kiasi kinacholingana na mara mbili ya ujazo wa chungu. Mdomo wa kujazia ufunikwe kwa neti ya mbu. Kwa Cyrtomium na makangaga ya majabali, vyungu hivi ni kaburi.

Udongo, mbolea na kuzoeza

Mchanganyiko wa Nephrolepis: sehemu 4 za usumba uliosagwa, sehemu 2 za maganda ya msonobari ya ukubwa wa sentimita moja, sehemu 1 ya perlaiti (chembe nyeupe nyepesi za kupitisha hewa) au pumisi, sehemu 1 ya mboji iliyoiva na kuchekechwa. Usumba wa bei ya chini mara nyingi huwa na chumvi. Uloweke na kuukamua mara mbili au tatu kabla ya kuutumia. Udongo wa shambani hushikamana chunguni na kufukuza hewa. Wala usiweke kokoto chini "ili maji yapite". Maji hayashuki kutoka udongo laini kwenda kwenye kokoto mpaka udongo ulio juu yake umejaa kabisa, kwa hiyo kokoto hupandisha tope karibu na mizizi na kukupunguzia nafasi. Kipande cha neti juu ya tundu kinatosha. Acha sentimita 3 hadi 4 kati ya udongo na mdomo wa chungu ili maji yapate pa kukaa.

Usumba au piti (mboji ya vinamasi) ukikauka kabisa hukataa maji: yanapita pembeni na kutoka chini, huku katikati pakavu kama unga. Dalili yake ni chungu chepesi mara tu baada ya kumwagilia. Kizamishe ndani ya beseni kwa dakika 20 hadi 30, mpaka mapovu yakome.

Mbolea iwe kidogo. Mizizi ya makangaga huungua kwa chumvi upesi. Ya chembe zinazoyeyuka polepole, ya 14-14-14 (nitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa viwango sawa), gramu 2 kwa kila lita ya udongo mwanzoni mwa msimu wa kukua inatosha. Chungu cha lita 20 kinachukua gramu 40. Ya maji, nusu ya kipimo cha kibandiko kila baada ya wiki tatu au nne. Uso wa udongo ukianza kuwa na ukoko mweupe, acha mbolea na uoshe udongo.

Kuzoeza jua ndiko kunakokosewa na karibu kila mnunuzi. Makangaga mengi ya dukani yamelelewa chini ya neti ya kivuli, na jani lililoundwa kivulini haligeuki kuwa jani la juani. Litavumilia kiasi, basi. Jani jipya linalofunguka likiwa tayari kwenye mwanga mkali ndilo linaloundwa nene na imara. Anza na saa moja ya jua la asubuhi, ongeza saa moja kila baada ya siku mbili, kwa siku 10 hadi 14. Kisha subiri wiki nne hadi sita mpaka machipukizi yaliyojiviringa yafunguke hapohapo. Majani ya zamani yakiungua katika kipindi hicho, yakate chini tu baada ya mapya matano au sita kukomaa, kwa kuwa hata jani lililochakaa nusu bado linaulisha mmea.

Kusoma madoa

Mabaka meupe au ya kahawia nyepesi upande unaotazama jua tu: jua limezidi. Ncha za kahawia kwenye majani yote, sawia: kiu au upepo mkavu. Kingo za kahawia pamoja na ukoko mweupe udongoni: chumvi. Njano na kunyauka huku udongo umelowa: mizizi imeoza au imepikwa, toa mmea chunguni, kata mizizi laini ya rangi nyeusi, upande upya kwenye chungu kidogo zaidi. Vitone vidogo vya njano vilivyotapakaa, na utando mwembamba nyuma ya jani: utitiri, ambao hupenda joto kavu. Rusha maji kwa nguvu nyuma ya majani kila siku ya tatu kwa wiki mbili.

Vijidoa vya kahawia nyuma ya jani huwatia watu hofu bila sababu. Vikiwa vimepangwa kwa safu, sawia pande zote mbili za mshipa, hizo ni spora. Vikiwa vimetawanyika ovyo, vimepanda hadi kwenye mashina, na vinabanduka kwa ukucha, hao ni vidugamba, wadudu wadogo wenye gamba wanaofyonza utomvu. Waondoe kwa mswaki laini na maji ya sabuni hafifu, na ukate majani yaliyoelemewa. Dawa za mafuta huunguza majani ya makangaga mengi, hasa juani. Jaribu jani moja na ungoje siku tatu kabla ya kupulizia mmea mzima.

Dukani, kabla ya kulipa, telezesha mmea nje ya chungu. Mizizi yenye afya ni ya kahawia yenye ncha nyeupe au za krimu, na inakwaruza kidogo. Nyeusi inayoteleza iache. Hesabu machipukizi yaliyojiviringa: matatu au zaidi yanaonyesha mmea unaokua, hata kama majani ya juu yamechoka. Tafuta jina la Kilatini. Kibandiko kinachosema "kangaga" tu, pamoja na picha ya jua, hakijakuahidi kitu.

Baada ya miezi 18 hadi 24 Nephrolepis litakuwa limejaza chungu: maji yanapita mara moja, mizizi inatoka matunduni, plastiki inavimba. Ligawe mwanzoni mwa msimu wa kukua kwa msumeno wa mkono, vipande viwili hadi vinne, kila kimoja kikiwa na machipukizi yasiyopungua matatu. Punguza theluthi ya majani, weka vipande kivulini kwa wiki mbili hadi tatu, kisha virudishwe juani kwa hatua zilezile za mwanzo. Osmunda huunda kinundu kigumu cha mizizi, ile nyuzi nyeusi ambayo wakulima wa okidi waliitumia zamani kupandia. Ligawe likiwa limelala, na uwe na msumeno mkali. Ya majabali yaache yalivyo mpaka chungu chenyewe kipasuke.